Walezi wa Bao na Mwalimu wa Shule ya Msingi

Wako walimu ambao majina yao hayamo katika orodha yoyote ya mishahara. Hawana cheti, hawaandiki andalio la somo, wala hawakaguliwi na mtu. Hukaa barazani au chini ya mti wakati wa alasiri, wakiwa na ubao wenye mashimo thelathini na mawili na mfuko wa komwe, nao huwafundisha watoto na vijana wa mtaa kucheza bao. Makala hii inakusudia kuwatetea watu hao, na kuonyesha kwamba mwalimu mwanafunzi anayejiandaa kufundisha hisabati katika shule ya msingi ana mengi ya kujifunza kwao, na pia ana deni la kuwalipa.

Yafaa tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Katika miaka yetu ya mwanzo ya ukufunzi, tulipokuwa zamu, tuliwakuta wanachuo wanne wamechelewa masomo ya jioni kwa sababu ya bao walilolichonga wenyewe. Tulilichukua bao lile, tukalifungia stoo, tukawaambia kwamba huo ni mchezo wa wazee wasio na kazi. Bao lilikaa stoo muhula mzima. Wakati ule tulijiona tumetimiza wajibu.

Muhula uliofuata tulikwenda kuwasimamia wanachuo katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya kijijini. Mwanachuo wetu alikuwa akifundisha kutoa katika darasa la tatu. Alimwita mvulana mmoja ubaoni afanye 42 kutoa 17. Mvulana akaandika 35. Alikuwa amechukua 2 akaitoa katika 7, kwa kuwa ndivyo ilivyowezekana. Aliambiwa arudie, akaandika 35 tena, kisha akarudi kitini huku wenzake wakimcheka. Katika daftari letu la usimamizi tuliandika kwamba mtoto huyo ni mzito wa hesabu.

Jioni ile, tukipita njiani, tulimwona mvulana yule yule barazani kwa mzee mmoja, akicheza bao na kijana aliyemzidi umri. Alikuwa amekula kete saba. Kabla hajazigusa alimtazama mwenzake akasema, "Naanza kichwa cha kushoto. Ya mwisho inaangukia kimbi cha kulia, nakula tena." Akazisambaza moja moja, na ikawa kama alivyosema. Tulimwamkia mzee, tukamwuliza kama watoto wale humlipa chochote. Akacheka. "Mwalimu, mimi nilifundishwa bure," alisema. "Sasa nimlipishe nani?"

Tuliporudi chuoni tulilifungua stoo.

Kwa msomaji ambaye hakukulia penye bao, tueleze kwa ufupi. Bao la Kiswahili huchezwa Zanzibar, pwani ya Kenya na sehemu nyingi za Tanzania. Malawi wanalo pia na huliita bawo. Ubao una safu nne zenye mashimo manane kila moja, na kila mchezaji humiliki safu mbili zilizo upande wake. Kete ni 64, yaani 32 kwa kila mmoja. Katika mchezo kamili mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni: sita katika shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia. Kete 22 zilizobaki hukaa mkononi, naye huziingiza moja moja katika hatua iitwayo namua. Zikiisha ndipo inapokuja hatua ya mtaji. Anayemaliziwa kete zote za safu yake ya mbele amefungwa. Mchezo huu si wa bahati hata kidogo, kwa maana kete zote zinaonekana, na anayeshinda ni yule aliyeona mbali zaidi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alijulikana kwa kulipenda bao, wala hakuna aliyepata kumwita mtu asiye na kazi.

Sasa tutazame jinsi mlezi wa bao anavyofundisha. Sisi tulikaa naye jioni nyingi katika wiki zile za mazoezi, na yapo mambo manne tunayotaka kuyaeleza.

La kwanza, mlezi hamwanzishi mtoto kwa mchezo kamili. Humpa bao la kujifunza, ambalo kila shimo hutiwa kete mbili, na mchezo huanza pale pale bila namua. Mtoto hana haja ya kubeba sheria zote kichwani siku ya kwanza. Hujifunza kusambaza, kula na kulala, yaani kukoma pale kete ya mwisho inapoangukia shimo tupu. Nyumba na namua huja baadaye, mkono ukisha kuzoea. Hekima hii si ya kwetu peke yetu. Bridge ni mchezo wa karata wa watu wanne wanaocheza wawili wawili, unaopendwa sana Ulaya na Marekani, na vilabu vyake navyo huendeshwa kwa sehemu kubwa na watu wanaojitolea. Ugumu wake mkubwa uko katika mnada unaotangulia mchezo. Kwa hiyo wanaoanza, hasa watoto, hupewa minibridge, ambamo mnada umeondolewa: kila mchezaji hutaja tu jumla ya pointi alizoshika, ree ikiwa 4, mfalme 3, malkia 2 na ghulamu 1, na jumla ya karata zote 52 ni pointi 40. Wapenzi wa bridge na wazee wa baraza hawakupata kukaa kikao kimoja, lakini wote wametambua kwamba mgeni hupitishwa mlango mdogo kwanza. Ni mara ngapi sisi walimu tumemwingiza mtoto kwa mlango mkubwa, kisha tukamlaumu kwa kujikwaa?

La pili, mlezi humwacha mtoto akosee. Tulimwona mtoto akisambaza upande usiofaa, na mzee akanyamaza. Mpinzani akala kete tisa. Ndipo mzee alipouliza, "Ungekwenda kushoto, ya mwisho ingelala wapi?" Mtoto alirudisha kete, akahesabu, akaona. Mzee hakumpa jibu, wala hakumwita mzito. Kosa lenyewe lilikwisha kumfundisha, naye alimwelekeza tu mahali pa kutazama.

La tatu, mlezi hufundisha kuhesabu kabla ya kugusa. Barazani anayeshika kete bila kujua zitakakofika hukemewa. Hapa pana hisabati halisi. Safu mbili za mchezaji ni mzunguko wa mashimo 16. Kwa hiyo anayechota kete 16 katika shimo na kuzisambaza kuanzia shimo linalofuata, ya mwisho humrudisha alikoanzia, na mwenye 17 humpeleka hatua moja mbele. Mvulana yule wa darasa la tatu alilijua jambo hilo, ingawa hakuwa na jina la kuliita.

La nne, mlezi huangalia wanyonge. Desturi ya baraza ni kwamba anayefungwa hunyanyuka. Desturi hiyo huwanoa wenye nguvu, lakini ikiachwa peke yake asiyejua hukaa siku nzima amesimama. Mzee wetu alikuwa na ubao wa pili, mbovu, wenye ufa, uliowekwa kwa ajili ya waliofungwa. Hapo walicheza wao kwa wao mpaka wapate nguvu ya kurudi ubao mkubwa. Tunawauliza wanachuo: katika darasa lako, ubao wa pili uko wapi?

Pamoja na kufundisha, watu hawa hufanya kazi nyingine isiyoonekana. Ni wao wanaotafuta fundi wa kuchonga ubao, wanaookota komwe zikipotea, wanaoamua ugomvi, wanaowaalika wachezaji wa mtaa mwingine kuja kushindana, na wanaowafukuza wenye kutaka kuweka fedha. Mchezo hauishi kwa sheria zake tu. Huishi kwa sababu pana mtu aliyekubali kuwahi kufika barazani na kuchelewa kuondoka.

Na mtu huyo akiondoka? Baada ya miaka mitatu tulirudi katika kijiji kile. Mzee alikuwa amefariki. Bao kubwa lilikuwa limeegemezwa ukutani, na kete zilizobaki hazikutimia arobaini. Watoto walikuwa wamehamia kwenye duka lenye televisheni. Shule iko mwendo wa dakika tano kutoka baraza ile, nayo ilikuwa na walimu wanane. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuketi pale katika uhai wa mzee yule, na sisi tuliowasimamia wanachuo hatukupata kuwaambia kwamba wangepaswa. Lawama hiyo tunaichukua.

Yapo mapingamizi, na ni haki yajibiwe.

Wengine husema bao hupoteza wakati wa masomo. Ni kweli kwamba linaweza, kama mpira unavyoweza, na wanachuo wetu wanne walikuwa kweli wamechelewa. Lakini dawa ya kuchelewa ni saa. Kufungia bao stoo hakumfundishi mtu kuwahi.

Wengine husema baraza ni mahali pa wanaume. Pingamizi hili ni zito kuliko la kwanza, kwa sababu ni la kweli katika sehemu nyingi. Hatuwezi kulisifu bao kama zana ya kufundishia iwapo nusu ya darasa haikuwahi kulikaribia. Kwa sababu hiyo hasa, bao liletwe shuleni, ambako msichana na mvulana wana haki moja, na mwalimu ahakikishe wasichana wanashika kete tangu siku ya kwanza badala ya kusimama kando wakitazama.

Wengine husema mtoto anaweza kuwa fundi wa bao na bado akashindwa hesabu za darasani. Mvulana wetu ni ushahidi wa jambo hilo. Bao peke yake halimfundishi mtu kutoa kwa kuchukua. Lakini laiti mwanachuo wetu angalijua kwamba mtoto yule hushinda na kete mkononi, asingeanzia ubaoni. Angempa mashimo manne yenye kete kumi kumi na kete mbili pembeni, kisha amwambie atoe 17. Mtoto angeona kwa macho yake kwamba mbili hazitoshi saba, na kwamba hana budi kulivunja fungu moja la kumi. Baada ya hapo alama za ubaoni zingekuwa habari za kitu anachokijua. Kuyaunganisha hayo mawili ni kazi ya mwalimu, na hakuna mzee wa baraza atakayemfanyia.

Tunapendekeza basi mambo matatu.

Kwanza, kila mwanachuo aendaye mazoezi ya kufundisha awatafute walezi wa bao walio karibu na shule, awaamkie, aketi nao walau jioni moja kila wiki kama mwanafunzi, na aandike katika daftari lake alichokiona. Aende kujifunza, asiende kukagua.

Pili, wazee hao waalikwe shuleni, kwa ridhaa ya mwalimu mkuu na kamati ya shule. Gharama haiwezi kuwa kisingizio. Darasa la watoto 60 likigawanywa wanne wanne, wawili wawili kila upande, linahitaji mabao 15, na mashimo yanaweza kuchimbwa ardhini. Kila mtoto akileta kokoto 16, wanne watatimiza 64 za bao lao, na darasa zima litakuwa na 960. Hesabu hiyo yenyewe ni somo, na wapewe watoto waifanye.

Tatu, mwalimu awe tayari kuwa mlezi baada ya wazee hao. Hili ndilo gumu, maana halina posho wala halipandishi cheo. Tena tunaonya: bao lisigeuzwe mtihani wenye alama. Siku mtoto atakapocheza kwa kuogopa kufeli, baraza itakuwa imekufa kwa njia nyingine, na safari hii itakuwa kwa mikono yetu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Walezi wa bao wamecheza kwao miaka mingi bila kutunzwa na shule, na wengi wao sasa ni wazee sana. Bao tulilolifungia stoo liko leo katika chumba cha zana cha chuo, juu ya meza, na wanachuo hulitumia baada ya masomo. Kete zake mbili zimepotea. Tunamwomba mwanachuo atakayekwenda pwani likizo hii atuletee komwe mbili, na akiziokota amwulize aliye karibu ni nani hufundisha bao katika mtaa huo.