MAONI YA MKAZI: Mbwa jike afungwe kizazi kabla hajazaa

Ndugu wakazi wenzangu wa Nyarugusu,

Naandika kama mtu aliyekosea. Mbwa wangu jike alizaa watoto saba. Mgao wa chakula wa nyumba yetu haukuongezeka hata kikombe kimoja. Wawili walikufa, mmoja nilimpa rafiki, na wanne waliobaki wakaanza kuzurura kwenye shimo la taka. Mmoja wao alimng'ata mtoto wa jirani mguuni. Mtoto yule alichomwa sindano za kuzuia kichaa cha mbwa, tena si mara moja. Mama yake hakunitukana. Aliniuliza tu: "Baba, hawa mbwa ni wa nani?" Nilikosa jibu.

Tulipokuwa Fizi na Uvira, mbwa alilinda shamba na kwenda mawindoni. Hapa nyumba zimebanana na watoto wanacheza njiani. Kwa hiyo maoni yangu ni haya: mwenye mbwa jike, akipata nafasi, amfunge kizazi mapema.

Wengine husema, "Mwache azae mara moja kwanza, ndipo atulie." Kuzaa hakumwongezei mbwa afya. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi 6 tu. Mimba huchukua siku 63 hivi, na joto hurudi kila baada ya miezi 6 au zaidi kidogo. Wengine wanaogopa kwamba hatalinda nyumba tena. Mbwa hulinda kwa sababu anajua kwake, si kwa sababu ya kizazi. Tena jike aliyefungwa kizazi haugui usaha wa tumbo la uzazi, na madume hawaji kupigania mlangoni kwako usiku.

Wakati gani? Kuanzia miezi 6, akiwa na afya, na asiwe kwenye joto, maana wakati huo damu hutoka nyingi. Akimaliza joto, subiri kama miezi miwili. Kama ananyonyesha, ngoja watoto waache ziwa. Kazi hii ni ya daktari wa mifugo, mbwa akiwa amelala kwa dawa ya usingizi. Baadaye mfunge mahali pakavu kwa siku 10 hadi 14, asilambe kidonda. Na tafadhali, msimchome mbwa sindano ya uzazi wa mpango ya akina mama. Inaweza kumletea ugonjwa wa tumbo la uzazi na kumuua.

Najua mtasema, "Daktari huyo yuko wapi?" Ni kweli, hatumpati kila siku. Ndiyo maana naomba kila kijiji kiandike majina ya wenye mbwa, na viongozi wetu wapeleke ombi moja kwa afisa mifugo. Ombi la watu wengi ni rahisi kusikilizwa kuliko la mtu mmoja.

Tukiwa tunasubiri, yapo tunayoweza kufanya:

- Mbwa wote wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, hata watoto wa mbwa. Kufunga kizazi hakuchukui nafasi ya chanjo.
- Jike akiwa kwenye joto, mfungie ndani ya uzio kwa wiki tatu. Siku mbili tatu hazitoshi.
- Akizaa, usitupe watoto sokoni au shimoni. Wanaoishi huko ndio wanaorudi kutung'ata.

Mtu aking'atwa, oshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Asingoje kuona kama ataugua. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara ni kifo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi sikuziba, na mtoto wa mwenzangu ndiye aliyelipa.