Panya alipona, na sisi je?

Kwenye machimbo, kuanzia Kamituga mpaka Misisi, chupa ya dawa ya majani inafika mbele ya muganga. Muuzaji anasema: hii ni ya asili, maprofesa walishaijaribu, inatoa sumu ya zebaki, ile tunaita mercure. Mchimbaji aliyepata kagramu kake anatoa franka, anakunywa, kisha anarudi kuchoma zebaki kwenye jiko ileile mama anapikia sombe.

Hatusemi muuzaji anadanganya kila kitu. Majaribio iko. Watafiti waliwapa panya sumu ya risasi ao ya zebaki, wakawapa pia maji ya kitunguu saumu ao ya majani ya moringa, na mara nyingi maini na figo za panya wale ziliharibika kidogo kuliko za wenzao. Mubirizi nayo, ile chungu tunayoijua sote, imeshusha sukari kwenye damu ya panya.

Lakini tuangalie vile kazi ile inafanywa. Dawa inapimwa kwa miligramu, kufuata uzito wa panya. Mara nyingi anaipata pamoja na sumu, ao mbele yake, kwa wiki chache tu. Mchimbaji yeye anavuta moshi wa zebaki miaka na miaka, na hakuna mutu amepima kile kiko ndani ya chupa yake. Panya anatupa swali zuri. Jibu bado.

Sisi watu wa Bukavu tunajua njia ya kutoka kwenye mti mpaka kwenye dawa. Pharmakina, hapa kwetu, imetoa kinini kwenye magome ya kinkina miaka mingi. Watu walikunywa magome yale zamani sana, lakini ni mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitenga kinini yenyewe, ndipo ikawezekana kuipima vizuri. Dawa ya malaria ya leo nayo ilitoka kwenye jani. Mama Tu Youyou wa China na wenzake waliijaribu kwa panya na nyani mwaka 1971. Mwaka 1972 wakainywa wao wenyewe kwanza, kisha wakawapa wagonjwa. Hawakuuza chupa siku ile panya alipona.

Kwa hiyo tunasema wazi. Sombe, lengalenga, maharagi, kitunguu saumu: mukule, ni chakula kizuri. Lakini hakuna jani linalozuia moshi wa zebaki. Unaingia kwa mapafu, unafika kwa ubongo, na kwa mama mwenye mimba unafika kwa mtoto. Muchome mbali na nyumba, kwa chombo kilichofungwa kinachokamata ule moshi, na bamama wenye mimba na watoto wasikaribie. Mwenye kutetemeka mikono, ao kukohoa wiki mbili, aende kituo cha afya. Asiache dawa za kifua kikuu juu ya chupa. Kama anakunywa majani, amwambie muganga bila haya.

Na wakubwa wa afya wa jimbo wamuulize kila muuzaji maswali mawili: ndani ya chupa muko nini, na ni kwa watu gani, si panya, ilijaribiwa? Asiye na jibu asipande kwenye machimbo. Franka ya mchimbaji inatoka chini ya udongo, na mara nyingine inalipwa na uzima wake.