Minofu yaenda Ulaya, Kisumu yaachiwa mgongo wazi

KATIKA mtaa wa Obunga mjini Kisumu, kuna kitoweo ambacho wakazi walikipa jina lisilohitaji ufafanuzi: mgongo wazi. Ni kichwa, mkia na uti wa mgongo wa mbuta, masalio ya viwanda baada ya minofu kukatwa na kusafirishwa Ulaya na kwingineko. Akina mama huyaanika juani, kisha huyakaanga na kuwauzia wasiomudu samaki mzima.

Mbuta si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hoja kwamba fulu, wale samaki wadogo wenye mifupa mingi, hawakuwa na thamani. (Haijulikani kuwa wavuvi waliowala waliulizwa.) Kufikia miaka ya 1980, mgeni alikuwa amelitawala ziwa. Wanasayansi hukadiria kuwa takriban aina 200 za fulu zilitoweka, ingawa uchafuzi wa maji nao ulichangia. Isitoshe, fulu alikaushwa kwa jua tu, ilhali mbuta, kwa wingi wa mafuta yake, alihitaji moshi wa kuni. Miti ya ufuoni ikalipia.

Ni kweli kwamba biashara hiyo iliingiza fedha za kigeni na kuwapa maelfu ajira. Hata hivyo, hatima yake iliamuliwa mbali. Kati ya 1997 na 1999, Umoja wa Ulaya uliwapiga marufuku samaki wa ziwa hilo mara kadhaa, kwa sababu za usafi, kipindupindu na hofu ya sumu. Aliyeumia kwanza ni mvuvi.

Omena je? Ndiye aliyesalia kuwa samaki wa maskini, lakini sehemu kubwa yake husagwa kuwa chakula cha mifugo. Uhaba wa samaki nao umestawisha jaboya, uhusiano ambapo mchuuzi mwanamke hulazimika kumpa mvuvi mwili wake ndipo auziwe samaki. Si ajabu kaunti za Homa Bay, Siaya na Kisumu zimekuwa miongoni mwa zilizoathiriwa zaidi na virusi vya Ukimwi nchini.

Pengo sokoni limezibwa na tilapia waliogandishwa kutoka China. Mnamo 2018, Rais Uhuru Kenyatta alilalamikia hadharani uagizaji huo. Miaka iliyofuata, samaki hao waliendelea kuuzwa, hata Kisumu kwenyewe.