Darasa Kubwa Halifundishwi kwa Bakora



Ndugu wazazi na wanafunzi, katika vyuo vyetu vingi mwalimu mmoja hukabili watoto 60 au 70, mkeka kwa mkeka, msahafu mmoja kwa watoto watatu. Hali hii si ya madrasa peke yake. Ada zilipofutwa katika shule za msingi za Tanzania mwaka 2001 na za Kenya mwaka 2003, madarasa yalifurika vilevile. Wapo wanaosema dawa ya wingi huo ni bakora. Sisi hatukubaliani nao.

Huko Bulgaria alikuwapo daktari wa maradhi ya akili, Georgi Lozanov (1926–2012), ambaye katika miaka ya 1960 alianza kufundisha lugha za kigeni kwa namna iliyowashangaza wengi. Chumba kilipambwa picha, wanafunzi wakakaa kwenye viti vya starehe, na mwalimu akasoma somo huku muziki wa kale wa Ulaya ukipigwa. Mwaka 1978 UNESCO iliwakutanisha wataalamu mjini Sofia kuijadili njia hiyo. Wapo walioisifu, na wapo waliosema madai yake yamepita kiasi. Hawa wa pili tunaona walikuwa na hoja. Tena madarasa yake yalikuwa ya watu 12 hivi, na viti vya starehe sisi tutavitoa wapi?

Lakini msingi wa njia ile haukuwa muziki. Lozanov aliona kwamba mwanafunzi huingia darasani akiwa ameshaaminishwa kuwa hawezi, na kazi ya kwanza ya mwalimu ni kumtoa imani hiyo, kwa maneno, kwa uso, hata kwa namna anavyoingia mlangoni. Hapo ndipo palipo na jambo letu. Mtoto akiitwa "kichwa maji" mbele ya wenzake 70, jina hilo limesikiwa na watu 70, na watamwita hivyo mpaka nyumbani. Tunawajua waliokimbia chuo wakiwa bado Juzuu Amma, si kwa uzito wa sura bali kwa jina walilobandikwa, na leo ni watu wazima wanaoona haya kufungua msahafu mbele ya watoto wao. Mtume (S.A.W.) aliagiza watu warahisishiwe na wapewe bishara, wasikimbizwe. Neno jema nalo husikiwa na hao hao 70, na halina gharama.

Kuhusu ala za muziki maulamaa wamekhitalifiana, na hatuna haja ya kuingia humo, kwani sauti ya mtu inatosha. Sheikh Sulayman al-Jamzuri aliziweka hukumu za tajwid katika beti 61 za Tuhfat al-Atfal, nazo zinasomwa kwa mahadhi hadi leo. Mtoto asiyeshika kanuni moja iliyosemwa kavu hushika kaswida nzima kwa kuisikia mara tatu! Hapa wingi ni neema, maana sauti za wengi humbeba mnyonge. Ila mwalimu asidanganyike, wapo wanaochezesha midomo tu. Awasikilize safu kwa safu.

Na picha? Katika Sahihi Bukhari imepokewa na Ibn Masud (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alichora umbo la pembe nne, akapitisha mstari katikati mpaka ukatokeza nje, akachora na vijistari pembeni, kuwaeleza watu habari ya mtu, ajali yake, misiba yake, na matumaini yake yanayoivuka ajali. Basi na tuchore koo na ulimi, tuonyeshe hamza inatoka wapi, 'ain wapi, ghain wapi, tubandike ukutani muhula mzima. Mtoto anayengoja zamu yake ataitazama bila kuamrishwa.

Nyinyi wa madarasa ya juu wenye mkono mzuri wa kuchora, njooni na maboksi matupu kutoka madukani. Kalamu tutatafuta sisi.