Ualbino Uko Duniani Kote



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya maji safi ya kunywa. Mwezi huu tunazungumza juu ya ualbino.

Mtoto mwenye ualbino huzaliwa na ngozi nyeupe. Nywele zake ni nyeupe au za manjano. Macho yake hayaoni mbali vizuri, na huumizwa na mwanga mkali. Wengine huwaita watu hawa zeruzeru. Neno hilo linawaumiza. Sisi tutasema watu wenye ualbino.

Mtoto kama huyo akizaliwa, maneno huwa mengi kijijini. Wako wanaosema mama alizini na Mzungu. Wako wanaosema ni laana, au mizimu imekasirika. Baba akiyasikia hayo, mara nyingine humrudisha mke kwao. Nyumba inavunjika kwa sababu ya uvumi. Basi tuzitazame hesabu za dunia, kisha tuone kama uvumi huo una ukweli.

HESABU ZINASEMA NINI?

Kwanza, ualbino hauko Afrika peke yake. Wazungu pia huzaliwa nao. Huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini, wataalamu wanakadiria kwamba ni mtu 1 kati ya watu 17,000 hadi 20,000. Sasa jiulize: kama ualbino ni alama ya kuzini na Mzungu, Wazungu wenyewe wameupata wapi?

Katika Afrika ya Kusini, uchunguzi uliofanywa Soweto ulionyesha karibu mtu 1 kati ya watu 4,000. Nchini Kenya, sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino. Hiyo ni karibu mtu 1 kati ya watu 4,900.

Na hapa Tanzania? Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 16,477 wenye ualbino, kati ya watu karibu milioni 45. Hiyo ni karibu mtu 1 kati ya watu 2,700. Wako wataalamu wanaokadiria kwamba ni wengi zaidi, mtu 1 kati ya watu 1,400.

Lakini wako wanaotupita sisi. Katika Amerika ya Kati iko nchi iitwayo Panama. Kwenye visiwa vidogo vya pwani yake wanaishi wenyeji waitwao Waguna. Kwao, karibu mtu 1 kati ya watu 150 ana ualbino.

Tufananishe. Chukua vijiji 7, kila kimoja kina watu 2,700. Kwa hesabu ya sensa yetu, vijiji hivyo vina watu 7 wenye ualbino. Vingekuwa Ulaya, vingekuwa na mtu 1 tu. Vingekuwa vya Waguna, vingekuwa na watu zaidi ya 100.

SABABU NI NINI?

Rangi ya ngozi tunairithi kwa wazazi wetu wote wawili. Ni kama kila mtu ana mbegu mbili za rangi. Moja alipewa na baba, nyingine alipewa na mama.

Chukua maharage mekundu mawili na meupe mawili. Haragwe jekundu ni mbegu ya rangi ya kawaida. Haragwe jeupe ni mbegu ya ualbino. Mpe baba jekundu 1 na jeupe 1. Mpe mama vivyo hivyo. Baba na mama hawa wana ngozi ya kawaida, kwa sababu jekundu moja linatosha kuleta rangi. Jeupe limejificha.

Sasa mtoto anachukua haragwe 1 kwa baba na 1 kwa mama. Ziko njia 4. Anaweza kupata mekundu mawili. Anaweza kupata jekundu la baba na jeupe la mama, au jeupe la baba na jekundu la mama. Njia ya nne ni kupata meupe mawili. Huyo wa nne ndiye mwenye ualbino. Katika kila mimba, hesabu hiyo huanza upya.

Umeona, ndugu? Mbegu moja imetoka kwa baba, na moja imetoka kwa mama. Baba anayemfukuza mkewe anaikimbia mbegu yake mwenyewe.

KWA NINI NCHI HAZILINGANI?

Wataalamu walipima damu za watu wenye ualbino wa Tanzania, Zimbabwe na Afrika ya Kusini. Kwa wengi wao walikuta mbegu ile ile. Maana yake ni kwamba mbegu hiyo ni ya zamani sana. Babu zetu walihama nayo kutoka nchi hadi nchi. Huko Ulaya mbegu za ualbino ni haba. Waguna nao ni watu wachache, na wameoana wao kwa wao kwa miaka mingi. Kwa hiyo mbegu zilizojificha hukutana mara nyingi. Hata kwetu, ndugu wa damu wakioana, mbegu hizo hukutana kwa urahisi zaidi.

Kwa hesabu ya sensa ile ya 2012, katika mkutano wa kijiji wenye watu 100, karibu watu 4 wanayo mbegu hiyo iliyojificha. Hawajui. Huenda ni wewe. Huenda ni mimi.

TUFANYE NINI?

Jua ndilo adui mkubwa wa ngozi isiyo na rangi. Huleta saratani ya ngozi. Mtoto avae kofia pana na nguo za mikono mirefu tangu akiwa mdogo. Kazi za shamba azifanye asubuhi na mapema au jioni. Akipata kidonda kisichopona, aende zahanati upesi. Shuleni akae mbele, karibu na ubao.

Tumlinde pia na watu wabaya. Katika miaka ya 2000, watu wenye ualbino waliuawa hapa nchini kwa uongo kwamba viungo vyao huleta utajiri. Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli wasio na kibali. Ukisikia mtu anapanga ubaya huo, mwambie mwenyekiti wa kijiji au polisi siku hiyo hiyo.

Wala tusimfiche mtoto ndani. Aliyefichwa hahesabiwi, hasomi, wala hatibiwi. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Ndugu Salum Khalfani Barwany kuwa mbunge wao. Ana ualbino. Mtoto aliyefichwa ndani angefikaje huko?

JADILIANENI

1. Mbegu ya ualbino hutoka kwa nani?
2. Kwa nini Waguna wana watu wengi wenye ualbino kuliko sisi?
3. Kijijini kwenu, nani anaweza kumpatia mtoto mwenye ualbino kofia pana?