Sifa za Marehemu Zisiwe Mapambo Matupu

Siku hizi ni nadra mtu kuzikwa katika nchi yetu bila kijitabu. Juu yake huwa na picha ya marehemu, ndani mkawa na ratiba ya ibada, majina ya wanawe na wajukuu, na hatimaye wasifu wake. Nimehudhuria mazishi mengi, ya wasomi na ya wasiojua kusoma, nami kwa mazoea ya kazi yangu husikiliza lugha ya wasifu huo kwa sikio la mwanaisimu. Iwapo marehemu ni mwanamume aliyeishi akazeeka, aghalabu huvikwa sifa tatu: alikuwa mchapakazi, alikuwa mkarimu, na alikuwa mtu wa familia. Ukilitoa jina la marehemu wa Jumamosi hii ukatia la marehemu wa Jumamosi iliyopita, hakuna mwombolezaji atakayetambua kosa.

Sisemi kwamba sifa hizo ni za uongo. Nasema kwamba, kwa namna tunavyozitumia, hazisemi lolote. Mtu aliyetoka jasho kwa miaka 50, akalisha na kusomesha, hustahili kukumbukwa kwa yale aliyoyatenda, wala si kwa maneno ambayo kila maiti hupewa kama sanda.

Tuanze na maneno yenyewe. Nomino 'sifa' na nomino 'wasifu' zimetokana na mzizi mmoja wa Kiarabu, ambao maana yake ya asili ni kueleza jinsi kitu kilivyo. Katika Kiswahili, 'sifa' ikabeba maana mbili: hali inayokipambanua kitu na vingine, na maneno ya kukitukuza. Ukisema sifa ya maji ni ubaridi, huyatukuzi maji, unayaeleza. Katika mazishi yetu tumeishika maana ya pili tukaitupa ya kwanza. Tunamtukuza marehemu pasipo kumweleza.

Aidha, hebu tuyatazame hayo maneno matatu. 'Mchapakazi' limetokana na kitenzi, na kitenzi humdai msemaji habari: alichapa kazi gani, wapi, kwa muda gani, kwa ujira gani? 'Mkarimu' halina maana bila mpokeaji, kwa hivyo hatuna budi kuuliza aligawa nini, akampa nani, naye mwenyewe akabakiwa na nini. Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo usambe ni utajiri, nao moyo huo huonekana pale tu tunapojua kilichotolewa. Ama hicho kirai 'mtu wa familia', kimefasiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, na Kiswahili hakikuwa na haja nacho. Lugha yetu ina vitenzi tele kwa kazi hiyo: kulea, kukimu, kutunza, kusomesha, kuozesha, kuuguza. Kila kimoja kina uzito wake na gharama yake. Tumeviacha vyote tukashika kirai kimoja cha kuazima.

Nitoe mfano. Mjomba wangu mmoja alikuwa seremala kijijini hadi alipofariki akiwa na zaidi ya miaka 80. Usiku wa matanga tuliketi kando ya moto, na wazee wakaanza kusema. Mmoja alikumbuka kwamba madawati ya shule ya msingi ya hapo yalitengenezwa na mjomba, akalipwa nusu ya fedha, na mwaka ulipokuwa wa njaa nusu ya pili akaisamehe. Mwingine akataja watoto wanne wa ndugu yake aliyetangulia, ambao mjomba aliwalipia karo muhula baada ya muhula, risiti akiziweka katika mkebe wa majani chai ili siku moja wasije wakaambiwa hawakulipiwa. Mama mmoja akasimama. Akasema kwamba mwanawe mchanga alipofariki, mjomba alikesha akiunda jeneza, na alipoulizwa bei asubuhi alijibu kwamba jeneza la mtoto halina bei.

Kesho yake wasifu ukasomwa. Ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza, na mjane wake, aliyekaa mstari wa mbele, hakuifahamu lugha hiyo. Ulisema kwamba marehemu alikuwa mchapakazi, mkarimu na mtu wa familia. Madawati hayakutajwa, wala risiti, wala lile jeneza. Kijana aliyeuandika simlaumu, kwa maana aliandika jinsi alivyoona wengine wakiandika. Hata hivyo, wale waliokuwa kando ya moto ni wazee. Wakiondoka na hayo waliyoyajua, kitakachobaki ni kile kijitabu.

Pengine msomaji atadhani kwamba msiba huu ni wa mafundi wa vijijini tu, na kwamba watu mashuhuri wamesalimika. La hasha! Mtazame Shaaban Robert. Muulize mwanafunzi wa kidato cha nne Shaaban Robert alikuwa nani, naye atakujibu upesi: gwiji, nguli, baba wa fasihi ya Kiswahili, Shakespeare wa Afrika. Muulize tena alikula kwa kazi gani, nani walikuwa wakimtegemea, aliandika saa ngapi. Hapo atanyamaza. Lakabu hizo kubwa zimemkweza mtu yule hata hatumwoni tena.

Itakumbukwa kwamba Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, kisha akaingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Tangu 1926 hadi 1944 alikuwa katika idara ya forodha, na Pangani ni mojawapo ya vituo vyake. Baadaye akahamishiwa Mpwapwa, bara, mbali na bahari aliyoizoea. Mnamo 1946 akarejea Tanga kufanya kazi katika ofisi ya wilaya, na tangu 1952 katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Hiyo ni zaidi ya miaka 30 ya kuajiriwa, chini ya utawala uliompimia Mwafrika cheo na mshahara kwa rangi yake. Vitabu vyake, ambavyo ni zaidi ya 20, viliandikwa na mtu aliyekuwa na mwajiri wa kumtumikia mchana. Huo ndio uchapakazi wenye maelezo. Mwanafunzi akiujua, hatamwona tena Shaaban Robert kama malaika aliyeteremshiwa kipaji, bali kama mfanyakazi aliyeiba saa zake za kupumzika.

Tena si vitabu vyote alivyoviona vikitoka. Alifariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53. 'Kufikirika' na 'Utenzi wa Vita vya Uhuru' vilichapishwa mwaka 1967, 'Utubora Mkulima' na 'Siku ya Watenzi Wote' mwaka 1968. Vizazi vya wanafunzi vimefaidi kazi ambayo mwenyewe hakupata kuishika mkononi ikiwa kitabu.

Na alikuwa mzazi. Katika tawasifu yake, 'Maisha Yangu', ameeleza ndoa yake na Amina, na jinsi mauti yalivyomchukua Amina yakamwachia mume watoto wa kulea. Mtu mwingine angesema tu kwamba alimpenda mkewe. Yeye alimtungia shairi linalosomwa hadi leo. Binti yake alimwandikia 'Utenzi wa Hati', na mwanawe wa kiume akamwandikia 'Utenzi wa Adili', mawaidha ya baba kwa wanawe juu ya namna ya kuishi na watu. Tunazifundisha tenzi hizi kwa kuhesabu mizani na vina, jambo ambalo ni sawa. Ila ni mara ngapi tunamkumbusha mwanafunzi kwamba mbele ya beti zile palikuwa na mtoto halisi aliyefiwa na mama? Barua zake kwa ndugu yake, Yusuf Ulenge, za tangu 1931 hadi 1958, zilitolewa kuwa kitabu na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, mwaka 2002. Walimu wasiozisoma bado wanajinyima nafasi ya kukutana na ndugu wa mtu, ilhali wamezoea kukutana na malenga.

Ukarimu wake nao una ushahidi. Aliandika 'Wasifu wa Siti binti Saad', habari za mwimbaji maarufu wa Unguja aliyefariki mwaka 1950. Siti alizaliwa Fumba katika ufukara, akafinyanga na kuchuuza vyungu kabla ya sauti yake kuvuma pwani nzima na kurekodiwa Bombay. Mwandishi ambaye tayari alikuwa na jina aliitoa kalamu yake kumhifadhi mwanamke ambaye wengi wangaliridhika kumwita mwimbaji mahiri, basi. Naye alimweleza kwanza, kisha akamsifu. Hiyo ndiyo njia ninayoipigia debe.

Najua watakaonipinga. Watasema kwamba wafiwa huwa na majonzi na haraka, na kwamba si wakati wa kudai takwimu na tarehe. Ni kweli, na ndiyo maana kazi hii haifai kungoja kifo. Wengine watasema kwamba kumweleza mtu kwa undani ni kumwanika, maana undani una mazuri na mabaya. Jibu langu ni kwamba heshima kwa marehemu haituzuii kusema kweli. Tena baba aliyekuwa mkali, au aliyekosa fedha muhula mmoja akauza ng'ombe wa mwisho, hupendwa zaidi na wanawe akielezwa alivyokuwa kuliko akipakwa rangi ya utakatifu wasioutambua.

Kwa hivyo nawageukia walimu wenzangu. Wasifu na tawasifu ni insha ambazo tunawafunza vijana wetu, na mtihani huwataka waziandike. Mara nyingi mwanafunzi hubuni mtu asiye na doa, akampamba kwa methali, akajipatia alama zake. Nashauri tufanye vingine. Kila mwanafunzi wa kidato cha pili apewe likizo moja kumhoji mzee mmoja aliye hai: babu, nyanya, mlinzi wa shule, mpishi, dereva, mchuuzi wa sokoni. Amuulize maswali matatu. Mosi, mikono yako imefanya kazi gani, na ni nini kilichobaki cha kazi hiyo? Pili, umempa nani kitu ambacho wewe mwenyewe ulikihitaji? Tatu, ni nani waliokua mikononi mwako, na iliwezekanaje? Kisha aandike majibu hayo kwa Kiswahili, pasipo kutumia maneno mchapakazi, mkarimu na mtu wa familia. Akiisha kuandika, amsomee mwenyewe mzee huyo, asahihishwe majina na miaka.

Faida ni nyingi. Kijana atajifunza kwamba sentensi hupata nguvu kutokana na kitenzi na jambo mahususi, somo ambalo mihadhara yangu mingi haijaweza kulifunza vizuri zaidi. Shule itapata hazina ya historia ya mtaa wake. Na siku ya msiba itakapowadia, kwa kuwa haina budi kuwadia, hakutakuwa na mtu wa kukimbizana na kijitabu usiku wa manane. Wasifu utakuwapo, katika lugha ambayo mjane na majirani wanaifahamu.

Enyi wanafunzi, msingoje mgawiwe kazi hii na mwalimu. Nyumbani kwenu yumo mtu anayeamka kabla yenu na kulala baada yenu ili ninyi msome. Mwulizeni habari zake angali na pumzi ya kuwajibu.