Kuihifadhi Nafsi si Ubinafsi

Kila Desemba, shule zinapofungwa, wapo mabinti wa Tarime na Serengeti wanaotoka majumbani mwao usiku wakiukimbia wembe wa ngariba. Asubuhi huanza maneno: binti huyu amejifikiria yeye tu, amemwaibisha baba yake, amewapotezea kaka zake ng'ombe wa kuolea. Linalotusikitisha ni kuwa maneno hayo tumeyasikia hata katika baraza za misikiti yetu, yakipambwa kwa nasaha za utii kwa wazazi.

Ubinafsi ni kuchukua haki ya mwingine ili ujinufaishe. Je, binti huyu amechukua haki ya nani? Mwili alioondoka nao ni amana aliyokabidhiwa na Mola wake. Si mali ya ukoo, wala si bei ya mifugo. Katika Sahihi ya Bukhari imo habari ya Salman kumzuru Abu Dardaa, akamkuta amezama katika saumu za mchana na visimamo vya usiku hata amemsahau mkewe na nafsi yake. Salman akamtaka ale, akamtaka alale, akamkumbusha kuwa nafsi nayo ina haki juu yake. Mtume (s.a.w.) alipopelekewa habari, alimsadikisha Salman. Ikiwa hata ibada ya sunna haiwi sababu ya kuinyima nafsi haki yake, itakuwaje mila?

Utii kwa wazazi ni wajibu mkubwa, nasi ndio tunaoufundisha madrasa; lakini hauvuki mpaka wa madhara. Wapo waliokufa kwa kutokwa damu, na wapo wanaoteseka hadi leo kila wanapojifungua. Mwaka 2007, baada ya binti wa miaka 12 kufariki huko Misri, Mufti Ali Gomaa alitamka wazi kuwa ukeketaji ni haramu. Kwa sheria ya nchi yetu, tangu mwaka 1998 ni jinai kwa mlezi kumkeketesha binti aliye chini ya miaka 18.

Basi binti akibisha hodi usiku, apokewe, apewe chakula na pa kulala. Asubuhi apelekwe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, si kwa wazee wa ukoo wake. Kituo cha Masanga, Tarime, na Nyumba Salama ya Mugumu, Serengeti, vimewahifadhi mamia. Kwamba vilianzishwa na majirani zetu Wakristo hakutuzuii kuvipelekea unga na mablanketi, ingawa yafaa ituume kuwa walitutangulia. Maimamu tunawaomba waitaje njia hii katika khutba za Novemba, kabla shule hazijafungwa.